Nyanya, Mjukuu na Hakimu

Mji wa Keroka umejengwa juu ya mpaka. Msafiri atokaye Kisii kwenda Sotik hupita katikati yake, na upande mmoja wa mji huo ni Kaunti ya Kisii, upande wa pili ni Kaunti ya Nyamira. Tangu serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, pande hizo mbili zimeshindana zaidi ya mara moja juu ya mji: ni wa nani, na ushuru wa soko lake ni haki ya nani. Mama auzaye ndizi pale sokoni hana haja kubwa na mashindano hayo. Yeye ataka soko lifagiliwe, taa ziwake, na njia ipitike wakati wa mvua. Wakubwa hugombea milki. Yeye hutafuta matunzo.

Nimeanza na habari ya mpaka kwa sababu katika vilima vinavyouzunguka mji huo wako watoto wengi ambao hali yao ni kama hali ya mji wenyewe. Upande wa baba husema, "Mtoto huyu ni wetu," na upande wa mama hujibu, "Sivyo, ni wetu sisi tuliomlea." Pengine baba na mama wote wawili hawapo tena duniani, na aliyesalia ni nyanya mmoja mwenye jembe lake na mgongo uliopinda. Ndipo huulizwa swali ambalo ni la zamani kuliko mahakama zote za Kenya: Je, mtoto ni wa nani? Katika insha hii nataka kuonyesha jinsi swali hilo lilivyojibiwa na mila ya Wagusii, jinsi lilivyojibiwa na sheria za serikali ya kikoloni na za serikali huru, na kwa nini katika siku zetu swali lenyewe limebadilika.

Kwanza tutazame mila. Kabla ya majeshi ya Waingereza kuingia katika nchi ya Wagusii mwaka 1905, na kurudi tena mwaka 1908, hapakuwa na mtoto asiye na kwao. Kila mtoto alikuwa na nyumba ya mama yake, na kila nyumba ilikuwa ndani ya boma la mzee, na kila boma lilikuwa ndani ya ukoo. Kitu kilichomfunga mtoto na boma la baba yake kilikuwa ng'ombe wa mahari. Mwanamume aliyetoa ng'ombe kwa wakwe zake alikuwa ndiye baba wa watoto wote watakaozaliwa na mke yule. Kama mwanamume hakutoa ng'ombe, hakuwa na neno la kusema. Baba wa msichana aliweza kumrudisha binti yake nyumbani pamoja na watoto wake, na watoto wale walikaa kwa babu yao mzaa mama. Watu waliposhindwa kuelewana, walikwenda mbele ya wazee walioitwa etureti, nao wazee waliuliza kwanza habari za ng'ombe: walikuwa wangapi, walitolewa lini, na nani aliyewaona wakitolewa.

Kijana wa leo aweza kuona kwamba jambo hili lilikuwa la kikatili, kwa kuwa mtoto aliamuliwa kwa hesabu ya mifugo. Lakini tusihukumu kwa haraka. Ng'ombe walikuwa ushahidi wa mapatano baina ya koo mbili, na ushahidi huo uliwatosha watu wasiojua kuandika, kama hati iliyopigwa muhuri inavyotutosha sisi. Faida yake ilikuwa kwamba mtoto hakukosa mahali pa kusimama. Akipotewa na baba, ndugu wa baba walimchukua pamoja na mama yake. Hasara yake ilikuwa kwamba hakuna aliyeuliza kama mahali pale palimfaa mtoto, wala mtoto mwenyewe hakuulizwa neno.

Pamoja na haki hiyo ya ng'ombe, ilikuwapo haki nyingine isiyohesabiwa na mtu, nayo ilikuwa haki ya jiko la nyanya. Kwa Wagusii, baina ya mzazi na mtoto aliyeanza kukua kuna haya, nayo huitwa ensoni. Baba hawezi kutaja mbele ya mwanawe mambo fulani, wala mwana hawezi kuingia bure mahali pa faragha pa mzazi wake. Lakini baina ya mjukuu na babu yake, au nyanya yake, haya hiyo haipo. Sokoro na magokoro, kama babu na nyanya waitwavyo kwa Kigusii, waliweza kumfanyia mjukuu mzaha, kumfumbia mafumbo, na kumfundisha bila kificho mambo ya utu uzima ambayo mzazi asingethubutu kuyatamka. Kwa sababu hiyo watoto walipoanza kupata akili walikwenda kulala katika nyumba ya nyanya. Humo walisikia hadithi za ukoo na majina ya waliokufa. Mtoto mchanga alipoachishwa ziwa, na mama yake akawa na mimba nyingine, mara nyingi mkono uliompokea ulikuwa wa nyanya, akisaidiwa na yule msichana mdogo mlezi aitwaye omoreri.

Basi katika mila mlikuwa na mambo mawili yasiyofanana. Milki ya mtoto ilikuwa kwa baba aliyetoa ng'ombe. Matunzo ya mtoto, kwa sehemu kubwa, yalikuwa kwa nyanya. Mambo hayo mawili hayakugongana, kwa kuwa nyanya mzaa baba alikaa katika boma lile lile la mwanawe. Aliyemiliki na aliyetunza walitembea uwanja mmoja. Ugomvi ulianza mambo hayo mawili yalipotengana, nayo yalitenganishwa na kazi za mshahara, na fedha, na safari.

Baada ya serikali ya kikoloni kuweka kodi, wanaume wa Kisii walianza kwenda kutafuta kazi mbali na kwao. Wengi walikwenda katika mashamba ya chai ya Kericho, ambayo si mbali sana na Keroka, na wengine wakafika Nairobi na Mombasa. Mahari nayo yalipanda. Serikali na wazee walijaribu kuyawekea kikomo, lakini kikomo hakikushika, na vijana wasiokuwa na ng'ombe wakaanza kuishi na wasichana bila mapatano ya koo mbili. Mtaalamu mmoja wa mila za watu, Philip Mayer, ambaye alikaa katika nchi ya Wagusii, aliandika kitabu kizima juu ya sheria ya mahari ya Wagusii, nacho kilichapishwa mwaka 1950. Ng'ombe walikuwa wamekuwa kesi. Mtoto aliyezaliwa bila mahari alikuwa juu ya mpaka: babu mzaa mama alisema ni wake, na kijana aliyemzaa alirudi baada ya miaka mingi, akiwa na fedha mkononi, akasema ni wake.

Sheria za kigeni nazo zilikuwa zikiingia pole pole. Mwaka 1934 serikali ya Kenya ilitunga sheria juu ya vijana wafanyao makosa na watoto wahitajio ulinzi. Wakati wa Hali ya Hatari, watu wengi walipokuwa wametiwa vizuizini na watoto wengi wametawanyika, likaundwa mwaka 1955 Shirika la Ustawi wa Watoto la Kenya. Mwaka 1959 zikatoka sheria mbili zilizogusa jambo letu. Ya kwanza ilihusu ulezi wa watoto wadogo, na ndani yake mliingia fikira iliyotoka Uingereza, kwamba hakimu aamuapo habari ya mtoto jambo la kwanza la kutazamwa ni hali njema ya mtoto yule. Ya pili ilimpa mwanamke aliyezaa bila kuolewa njia ya kumshitaki baba wa mtoto, ili amlipie fedha za matunzo. Mwaka 1963, mwaka wa uhuru, ikatungwa sheria ya watoto na vijana, nayo ilimruhusu hakimu kumweka mtoto mwenye shida katika mikono ya mtu afaaye, awe ndugu au asiwe ndugu.

Tazama, msomaji, maneno hayo ya mwisho: awe ndugu au asiwe ndugu. Mzee wa etureti angeyasikia angeshangaa. Kwake yeye mtu asiye ndugu hawezi kuwa mtu afaaye. Lakini mtunga sheria alikuwa anawafikiria watoto wa mijini, ambao ndugu zao hawajulikani walipo. Kila mmoja alikuwa na sababu yake.

Sheria ile ya fedha za matunzo haikudumu. Bunge la Kenya, ambalo wakati ule karibu wabunge wote walikuwa wanaume, liliifuta mwaka 1969. Tokea hapo msichana aliyezaa bila kuolewa hakuwa na njia nyepesi ya kumdai baba wa mtoto wake. Je, mzigo ule ulikwenda wapi? Haukutoweka. Mzigo wa mtoto haufutwi kwa kura. Ulihama kutoka kwa kijana aliyezaa, ukaenda kwa baba na mama wa msichana. Katika Kisii, kama katika sehemu nyingi za Kenya, babu na nyanya wazaa mama walijikuta wanasomesha kizazi cha pili kabla hawajamaliza madeni ya kizazi cha kwanza. Hawakupewa hati yoyote. Hakuna aliyewaambia kwamba ni walezi. Walikuwa wanalea tu.

Kisha ikaja balaa kubwa kuliko zote. Mwaka 1984 ugonjwa wa Ukimwi ulitambuliwa mara ya kwanza nchini Kenya. Kwa miaka kumi na mitano watu walizika, na wengi walinong'ona tu juu ya sababu. Tarehe 25 Novemba 1999 Rais Daniel arap Moi alitangaza kwamba Ukimwi ni janga la taifa. Lakini janga lilikuwa limekwisha kufika katika majiko ya nyanya zamani sana. Ugonjwa huu ulikuwa na desturi mbaya: uliwaacha wazee na watoto, ukawachukua walio katikati, wenye nguvu za kulima na kulipa karo. Mila ilikuwa imepanga kwamba mtoto akifiwa na baba atachukuliwa na ndugu wa baba. Mila haikuwa imepanga kwamba ndugu wa baba nao watakufa katika miaka ile ile.

Hapo ndipo nyumba za watoto yatima zilipoongezeka katika Kenya. Nyingine zilianzishwa na watu wenye huruma ya kweli, nazo ziliokoa maisha. Lakini uchunguzi umeonyesha tena na tena, katika Kenya na katika nchi nyingine, kwamba watoto wengi wakaao katika nyumba hizo wana mzazi mmoja aliye hai, au wana babu, nyanya, shangazi au mjomba. Hawakupelekwa huko kwa sababu hawana jamaa. Walipelekwa kwa sababu jamaa zao hawana chakula wala karo. Umaskini ulipewa jina la uyatima.

Mambo hayo hayakuanza kwetu. Katika mji wa New York, mwaka 1853, mchungaji mmoja aitwaye Charles Loring Brace alianzisha shirika la kuwasaidia watoto waliozurura mitaani. Kuanzia mwaka 1854 hadi mwaka 1929 watoto wapatao 200,000 walisafirishwa kwa gari la moshi kutoka miji ya mashariki ya Marekani, wakapelekwa katika mashamba ya magharibi na kugawiwa kwa watu waliotaka kuwachukua. Wengine walipata wazazi wema, na wengine walipata mabwana wa kuwatumikisha. Na wengi wao hawakuwa mayatima. Walikuwa na mzazi aliye hai, aliyeshindwa na umaskini.

Uingereza nayo ilipata somo lake kwa machozi. Mwezi wa Januari 1945, katika jimbo la Shropshire, mtoto mwenye umri wa miaka 12, ambaye serikali ya mji ilikuwa imemweka kwa watu wasio jamaa zake, alikufa kwa kupigwa na kunyimwa chakula. Waliomweka hawakuwa wamemtembelea na kumwangalia ipasavyo. Taifa lilitetemeka. Iliundwa kamati chini ya Bibi Myra Curtis, nayo ikatoa taarifa yake mwaka 1946. Na mwaka 1948 ikatungwa sheria mpya ya watoto. Sheria hiyo iliwaagiza wakuu wa miji wajitahidi, kila iwapo ni kwa heri ya mtoto, kumrudisha kwa mzazi, au jamaa, au rafiki wa nyumba yake. Yaani nchi ile tajiri, baada ya kujaribu wageni, iligundua tena mlango wa nyanya.

Hata hivyo mlango wa nyanya una mipaka. Mwaka 2000 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri lililotoka jimbo la Washington, ambamo babu na nyanya walitaka kuongezewa siku za kuwaona wajukuu wao, na mama wa watoto hakutaka siku nyingi kama zile. Mahakama ilisema kwamba mzazi afaaye ana haki ya kufikiria lililo jema kwa watoto wake, na hakimu asiitangue fikira yake kwa wepesi. Lakini mahakama hiyo hiyo, mwaka 1979, ilikuwa imeamua katika shauri la jimbo la Illinois kwamba jamaa waliokabidhiwa watoto wasinyimwe malipo ya malezi wanayopewa wageni kwa kazi ile ile. Tukiyaweka maamuzi hayo mawili pamoja tunapata mafundisho mawili: damu peke yake haimpi babu amri juu ya mzazi aliye hai na mwenye kufaa, lakini damu isiwe sababu ya kumnyima mlezi msaada.

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1990 Kenya iliukubali Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za mtoto, na mwaka 2000 ikaukubali Mkataba wa Afrika juu ya haki na ustawi wa mtoto. Matunda yake yalikuwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2001, iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 2002. Sheria hiyo ilisema kwamba haki ya kukaa na mtoto na kumtunza yaweza kupewa mzazi, au mlezi wa kisheria, au mtu aliyekaa na mtoto kwa muda wa miezi mitatu kwa idhini ya mzazi au mlezi, au mtu mwingine yeyote awezaye kuonyesha sababu ya haki. Nyanya hakutajwa kwa jina, lakini mlango uliachwa wazi, naye aliweza kuingia. Tena katika habari ya kuasili mtoto, sheria iliweka umri wa mwombaji baina ya miaka 25 na 65, lakini jamaa wa mtoto hakufungwa na umri huo. Sheria hiyo pia ilieleza malezi ya kambo, yaani kumweka mtoto kwa muda katika nyumba ya watu wengine, chini ya uangalizi wa afisa wa serikali.

Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 ilikwenda mbele zaidi. Katika kifungu cha 53 ilitamka kwamba baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Hivyo ule mzigo uliohamishwa mwaka 1969 ulirudishwa ulikotoka, walau katika maandishi. Tena ikatamka kwamba katika kila jambo limhusulo mtoto, maslahi ya mtoto ndiyo makubwa kuliko mengine yote. Mwaka 2022 ikatungwa Sheria mpya ya Watoto mahali pa ile ya 2001, nayo inayatambua malezi ya jamaa kuwa ni njia halali ya kumlea mtoto aliyekosa wazazi. Mwaka huo huo serikali iliweka mpango wa miaka kumi, hadi mwaka 2032, wa kuwaondoa watoto katika makao ya mayatima pole pole na kuwarudisha katika jamaa na ujirani. Kumweka mtoto katika makao kumekuwa njia ya mwisho, wala si ya kwanza.

Je, maandishi hayo yana maana gani kwa nyanya wa Keroka? Mimi ni mwalimu, na kila mwanzo wa mwaka naona jibu lake katika ofisi ya shule. Kijana huja na sanduku lake, na pembeni yake amesimama bibi mzee aliyevaa kitenge safi na viatu alivyoazima. Karatasi ya shule inauliza jina la mzazi au mlezi, na namba ya kitambulisho, na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Bibi huyo amemlisha kijana kwa miaka kumi na minne, lakini mbele ya karatasi ile husita, kama mtu aliyekamatwa na kitu kisicho chake. Siku moja mmoja wao aliniuliza polepole, "Mwalimu, niandike mimi ni nani?" Nilimwambia aandike kwamba ni mlezi. Lakini swali lake sikulisahau, kwa maana kama siku ile mjomba au baba aliyepotea angetokea na karatasi mkononi, bibi yule asingekuwa na kitu cha kuonyesha isipokuwa mtoto mwenyewe.

Kwa hiyo ni vizuri wanafunzi wajue njia ilivyo. Nyanya au babu anayemlea mjukuu asiye na wazazi aweza kwenda kwa chifu wa mahali pake apate barua ya kumtambulisha. Kisha aende kwa afisa wa watoto, ambaye kazi yake ni kuitazama nyumba na kusikiliza kila upande. Na kama kuna ugomvi, au kama anataka haki yake ithibitishwe, apeleke maombi katika Mahakama ya Watoto. Keroka ina mahakama yake, na haina haja mtu kusafiri hadi Nairobi. Hakimu hatauliza ng'ombe walikuwa wangapi. Atauliza mtoto amekaa na nani, anasoma wapi, anakula nini, nani anayemtibu augua. Na mtoto akiwa mkubwa wa kutosha kueleza moyo wake, atasikilizwa. Mahakama za Kenya zimewahi kuwapa babu na nyanya haki ya kulea, na zimewahi pia kuwarudisha watoto kwa mzazi aliyesalia ingawa nyanya alilia, kwa kuwa mzazi yule alionekana anafaa.

Liko pia jambo la ardhi, ambalo katika nchi ya Wagusii haliwezi kusahauliwa. Mashamba yamegawanywa hata yamekuwa kama mikeka. Mjukuu aliyezaliwa na binti na kulelewa kwa babu mzaa mama anapokuwa kijana, wajomba zake huanza kumtazama kwa jicho jingine. Walimpenda alipokuwa mtoto. Sasa wanahesabu hatua za shamba. Mila haikumpa fungu pale, na kwa baba yake hajulikani. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 1981, inawataja wajukuu, na watoto ambao marehemu aliwachukua kuwa kama wake, kati ya watu waliokuwa wakimtegemea ambao mahakama yaweza kuwatengea riziki. Lakini wengi hawaijui sheria hiyo mpaka kaburi limekwisha kufukiwa na maneno makali yamekwisha kusemwa. Babu mwenye busara husema nia yake angali hai, mbele ya wanawe na wazee, na tena huiandika.

Nisije nikaonekana kwamba nawafanya wazee wote kuwa malaika. Wako babu walevi, na wako nyanya wawatumikishao wajukuu kama punda. Serikali ilipoanza mwaka 2004 kutoa fedha kidogo kwa nyumba zinazolea mayatima, fedha ambazo baadaye zilifika shilingi 2,000 kwa mwezi, msaada ule ulizisimamisha nyumba nyingi. Lakini pale ambapo kuna fedha huenda pia akawako mtu apendaye fedha kuliko mtoto. Tena hata nyanya mwema kuliko wote huzeeka. Mwenye miaka 75 akipewa mtoto wa miaka miwili, mtoto yule huenda akafiwa mara mbili kabla ya kumaliza shule. Kwa ajili hiyo malezi ya kambo yana mahali pake. Mtoto ambaye nyumba ya jamaa yake ni hatari, au ambaye kweli hana mtu, ana haki ya kupewa nyumba njema kwa wageni. Na wageni wenye moyo huo wastahili heshima kubwa, kwa maana kuzaa si kazi, kazi ni kulea.

Jambo nilitakalo ni utaratibu. Kwanza isaidiwe nyumba ya jamaa, ndipo iulizwe kama mtoto aondolewe. Kumnyima nyanya shilingi elfu chache za unga na karo, kisha kumlipia mtoto wake fedha nyingi zaidi katika makao, si hesabu njema, wala si rehema. Na aondolewapo mtoto, asikatwe na jina lake, wala lugha yake, wala ndugu zake, kama walivyokatwa wale watoto wa gari la moshi.

Tumeona, basi, safari ya swali moja. Wazee wa zamani waliuliza, "Nani aliyetoa ng'ombe?" Sheria za kikoloni na za miaka ya kwanza ya uhuru ziliuliza, "Nani mwenye hati?" Katiba yetu inauliza, "Ni lipi lililo jema kwa mtoto?" Swali hili la tatu ni bora kuliko mawili ya kwanza, lakini ni gumu zaidi, kwa kuwa ng'ombe huhesabiwa na hati husomwa, bali wema wa nyumba hauonekani ila kwa mtu aliyetembea hadi mlangoni na kuketi na kutazama. Maafisa wa watoto ni wachache, na vilima ni vingi.

Wanafunzi wangu, wengi wenu mmelelewa na nyanya zenu, wala hakuna aibu katika jambo hilo. Likizo itakapofika, mkaketi tena karibu na jiko lile, waulizeni habari za zamani. Kisha waulizeni kama wanacho cheti chenu cha kuzaliwa, na kama chifu anajua kwamba wao ndio walezi wenu, na kama jambo la shamba limekwisha kusemwa. Nyinyi mwajua kusoma, na wengi wao hawakupata bahati hiyo. Waliwabeba mgongoni mlipokuwa hamjui kutembea. Sasa washikeni mkono, mwende nao mpaka mlango wa ofisi, mkawasomee karatasi.